Sanduku la Mwalimu: Maswali yenu kuhusu Mtakatifu Patrisi

Kila mwezi wa Machi sanduku hili hujaa barua za Mtakatifu Patrisi, msimamizi wa Ireland, hasa kutoka Bonde la Ufa, ambako mapadre na mabruda wa Ireland walijenga shule na zahanati nyingi. Safari hii nimempa ukurasa mzima. Nimefundisha historia hadi nikastaafu, na katekisimu parokiani naifundisha hata sasa. Kwa hiyo mtanivumilia nikiuliza juu ya kila kisa: kimeandikwa na nani, na lini?

*Mwalimu, mwanangu amerudi likizo akituambia kwamba Mtakatifu Patrisi aliwafukuza nyoka wote wa Ireland wakatumbukia baharini, na ndiyo maana kwenye picha anawakanyaga. Baba yake anasema hizo ni hadithi za sungura na fisi. Nani mkweli?* — Mzazi, Iten

Kwa habari ya nyoka, baba mtu ndiye mkweli. Ireland haina nyoka wa asili, na haikuwa nao tangu barafu ya kale ilipoyeyuka. Bahari ilipanda ikaikata nchi hiyo na bara kabla nyoka hawajafika. Britania ilichelewa kukatwa, ndiyo maana wao wana aina tatu. Ireland yenyewe iliambulia mjusi mmoja mdogo. Na watu walilijua hilo zamani: Solino, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 3, ameandika kwamba kisiwa hicho hakina nyoka, na wakati huo Patrisi hajazaliwa. Sasa amfukuze nani?

Kisa chenyewe kimeshika kasi katika karne ya 12. Jocelin, mmonaki wa Furness, alikiandika kama habari ya kweli kabisa. Gerald wa Wales, aliyeitembelea Ireland miaka hiyo hiyo, alikitaja kama hadithi tamu tu, akasema inaelekea zaidi kwamba nchi haikuwa na nyoka tangu mwanzo. Yaani kuna padri wa miaka zaidi ya 800 iliyopita aliyekuwa upande wa mume wako.

Wahubiri wengine husema nyoka ni mfano wa dini za kale alizozishinda. Inapendeza mimbarani. Lakini walioiandika hadithi hawakuwa wakitoa mfano, walikuwa wakisema nyoka wenye sumu na mikia. Mtoto mwachie picha yake, ila akifika kidato cha kwanza mpe mambo ya kweli, ambayo yana joto kuliko nyoka.

*Shikamoo Mwalimu. Niliwaambia watoto wa komunyo kwamba Patrisi alikuwa Mwairishi. Mmoja akabisha, akasema alikuwa Mwingereza. Nimekosa la kumjibu.* — Mkatekista, Mbinga

Marahaba. Mpe huyo mtoto peremende, maana amekaribia. Uingereza kama nchi haikuwepo bado, lakini Patrisi alizaliwa Britania, ile sehemu iliyokuwa chini ya Roma, mwishoni mwa karne ya 4 au mwanzoni mwa ile ya 5. Haya hatuyajui kwa kusimuliwa. Tunayo maandishi mawili aliyoyaandika mwenyewe kwa Kilatini: moja huitwa *Ungamo*, jingine ni barua kwa askari wa mtu aliyeitwa Coroticus. Watakatifu wangapi wa karne ya 5 tunaweza kuwasikia kwa sauti yao wenyewe, tena watu wa pembezoni kabisa mwa dunia ya Kirumi? Ndiyo maana sina haraka na nyoka.

*Ungamo* linaanza kwa kusema yeye ni Patrisi, mwenye dhambi, mshamba kuliko waamini wote na mdogo kuliko wote. Baba yake Calpornius alikuwa shemasi, na katika ile barua anaongeza kwamba alikuwa pia diwani wa mji. Babu yake Potitus alikuwa padri. (Najua mnachotaka kuuliza. Ndiyo, siku hizo makleri wengi walikuwa na wake na watoto.) Walikuwa na shamba karibu na mahali panapoitwa Bannavem Taburniae, na huko ndiko alikotekwa na maharamia akiwa na umri wa karibu miaka 16, pamoja na maelfu ya watu wengine. Anakiri kwamba wakati huo Mungu wa kweli hakumjua, ingawa ukoo wake umejaa makleri. Wazazi wa vijana wa parokia, mpo?

Huko Ireland walikompeleka, aliwekwa achunge mifugo kwa miaka 6. Huko ndiko alikojifunza kusali. Anasema kwa siku moja alifikisha sala 100, na usiku karibu idadi hiyo hiyo, porini na mlimani, kwenye theluji na mvua, akiamka kabla ya mapambazuko. Usiku mmoja akasikia sauti usingizini: unafunga vema, karibu utarudi kwenu. Kisha tena: tazama, meli yako iko tayari. Meli haikuwa karibu. Ilikuwa maili 200 za Kirumi, mahali asipomjua hata mtu mmoja. Akatoroka, akafika, nahodha akamfukuza kwa ukali. Akageuka arudi alikofikia huku akisali, na kabla hajamaliza sala mmoja wao akampigia kelele: njoo upesi, wanakuita.

Walisafiri siku 3 baharini, wakashuka wakatembea siku 28 kwenye nchi isiyo na watu, chakula kikawaishia. Nahodha, ambaye hakuwa Mkristo, akamwambia: vipi wewe Mkristo, si unasema Mungu wako ni mkuu na mwenye nguvu? Mbona humwombi kwa ajili yetu? Patrisi akawaambia wamgeukie Mungu kwa moyo wote. Mara kundi la nguruwe likatokea njiani. Wakachinja, wakala, wakapumzika siku mbili, na anakumbuka kueleza kwamba hata mbwa waliokuwa nao walishiba. Baadaye wakapata asali ya mwituni. Mmoja akasema ni sadaka, maana yake wameitoa kwa miungu yao, na Patrisi hakuionja. Mtu anayetunga muujiza hakumbuki mbwa. Kwangu mimi, mbwa hao ndio ushahidi kwamba kijana huyu alikuwepo.

Miaka kadhaa baadaye akawa kwao tena, na wazazi wanamsihi asiondoke kamwe. Usiku akamwona mtu aitwaye Victoricus akija kama kutoka Ireland na barua zisizo na idadi, akampa moja. Alipoanza kuisoma alisikia sauti za watu walioishi kando ya msitu wa Foclut, karibu na bahari ya magharibi: tunakuomba, kijana mtakatifu, uje utembee tena kati yetu. Anasema moyo ulimchoma hata hakuweza kuendelea kusoma. Akarudi akiwa askofu.

Waambie watoto pia kwamba hakuwa mmisionari wa kwanza. Mwaka 431 Papa Celestino alimtuma askofu Palladius kwa Wairishi waliomwamini Kristo. Kwa hiyo waamini walikuwepo tayari. Ajabu ni kwamba Beda, aliyeandika historia ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, anamtaja humo Palladius, na Patrisi hamtaji humo kabisa.

*Mimi ni Mwislamu, gazeti hili hulisoma kwa jirani yangu. Nimeona kwamba huyu mtakatifu wenu aliwahi kuwa mtumwa. Sisi wa Bagamoyo habari za utumwa hatusimuliwi. Alipopata cheo aliwatetea waliobaki utumwani, au alinyamaza?* — Bibi, Bagamoyo

Bibi, shikamoo, na swali lako nimelisubiri miaka. Nitajibu kwa urefu.

Siku moja, askari wa Coroticus, mtawala mmoja wa huko Britania aliyejiita Mkristo, walivamia watu ambao Patrisi alikuwa amewabatiza jana yake. Walikuwa bado na mavazi meupe, na krisma, yale mafuta matakatifu, ikinukia kwenye vipaji vya nyuso zao. Wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa wauzwe kwa Wapikti, watu wa kaskazini mwa Britania. Patrisi akamtuma padri ambaye yeye Patrisi alimfundisha tangu utoto wake, apeleke barua ya kuomba mateka warudishwe na baadhi ya mali. Wakamcheka. Ndipo akaandika barua ya pili, hii tuliyo nayo, akaagiza isomwe mbele ya watu wote, hata mbele ya Coroticus mwenyewe.

Humo hana upole hata kidogo. Anawaita wauaji na mbwamwitu wakali. Anawaagiza waamini wasile wala wasinywe nao, wasipokee sadaka zao, mpaka watubu kwa machozi na kuwaachia mateka. Anasema wasichana wa Kikristo wameuzwa kama wanaotiwa danguroni. Anawakumbusha desturi ya Wakristo wa Galia (Ufaransa ya leo), ambao hutuma watu waadilifu kwa Wafaranki na mataifa mengine, wakiwa na maelfu ya sarafu za dhahabu, wakakomboe waliotekwa. Nyinyi, anawaambia, mnafanya kinyume chake. Na halafu neno moja ambalo mimi hulisoma polepole: kwao ni aibu kwamba sisi ni Wairishi. *Sisi.* Mtoto wa diwani wa Kirumi, aliyechukuliwa huko kwa kamba, sasa anajihesabu miongoni mwa waliomteka, na kwa ajili yao anawashutumu watu wa kwao.

Desturi ya kukomboa unaifahamu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walifanya hivyo hivyo, wakawaweka waliokombolewa katika Kijiji cha Uhuru. Wapo waliosema, na si bila sababu, kwamba fedha ya kukomboa nayo huingia mfukoni mwa mfanyabiashara. Barua ya Patrisi haiishii kwenye fedha. Kwa Coroticus anadai watu waachiliwe, na mwizi atengwe mezani.

Lakini hukuuliza nimsifie, umeuliza kama alinyamaza. Hakuna mahali ambapo anasema utumwa wote ni haramu. Hasira yake ni juu ya watu huru, waliobatizwa, kutekwa na kuuzwa. Tena ndani ya barua hiyo hiyo anataja watumwa na wajakazi wa nyumba ya baba yake, walioharibiwa na maharamia siku ile alipotekwa yeye. Kumbe nyumba yao nayo ilikuwa na watumwa! Hasemi zaidi, na mimi sitamsemea. Lakini katika *Ungamo* kuna sentensi ambayo bwana asiyewahi kutumikishwa asingeiandika: kati ya wanawake walioamua kumfuata Kristo, wanaoteseka zaidi ni wale waliomo utumwani, ambao huvumilia vitisho na hofu daima. Hiyo ni karne ya 5, Bibi. Watu wa cheo chake hawakuwa wakihesabu hofu za wajakazi.

Hadithi za baadaye nazo zilihisi kuna jambo hapa, zikalimaliza kwa njia zao. Muirchú, aliyeandika maisha ya Patrisi mwishoni mwa karne ya 7, anamtaja bwana wake wa zamani, Miliucc. Aliposikia mtumwa wake anarudi kuhubiri, alikusanya mali yake yote ndani ya nyumba akaitia moto na yeye mwenyewe ndani, asije akatawaliwa na aliyekuwa mchungaji wake. Na Coroticus, anasema Muirchú, aligeuka mbweha mdogo mbele ya watu wake akakimbia, asionekane tena. Msikilizaji anashusha pumzi. Patrisi mwenyewe hana mbweha. Barua yake inakwisha akiwa bado anaomba mateka waachiliwe, na kama waliachiliwa haandiki popote.

*Mwalimu, niko Dublin, nafanya kazi hospitali. Tarehe 17 Machi mji mzima ni kijani na bia. Wenzangu wamenibandika jani kifuani wakisema Patrisi alilitumia kueleza Utatu. Nilikuwa nimefunga Kwaresima, nikakaa kama mgeni arusini. Sikukuu hii ni ya dini kweli?* — Muuguzi, Dublin

Ni ya dini, dada, ila imetanga na dunia. Jani lile, shamroki, lina vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, na mafundisho yake ni mazuri. Hata mimi nimewahi kuyatumia darasani kwa majani ya hapa hapa. Lakini kisa cha Patrisi kulishika mkononi kinaonekana kwenye maandishi mwanzoni mwa karne ya 18, katika kitabu cha mimea cha Caleb Threlkeld. Katika *Ungamo* Utatu umo tele, jani halimo. Kijani nacho si rangi yake ya kale peke yake: Mfalme wa Uingereza alipoanzisha nishani ya Mtakatifu Patrisi mwaka 1783, rangi yake ilikuwa buluu.

Kuhusu bia, waulize wenzako wenye umri. Siku hiyo ilifanywa sikukuu ya taifa mwaka 1903, na kuanzia 1927 baa zilifungwa kwa sheria tarehe 17 Machi, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Padri mmoja Mwairishi aliyetuhudumia zamani alikuwa akisema siku hiyo nyumbani kwao ilikuwa Misa, kisha nyama, kisha kukaa na kuitazama mvua. Wewe vaa jani lako, nenda Misa ya asubuhi. Habari ya mfungo muulize paroko wako wa huko, maana kwao hiyo ni sherehe kubwa na wengi huwekewa nafasi ya kufungulia.

*Ni kweli alimchoma mfalme mguu kwa fimbo wakati wa ubatizo?* — Kijana, Kitale

Wasimulizi husema hivyo. Mfalme Aengus anabatizwa huko Cashel, Patrisi anasimika fimbo yake ya kiaskofu yenye ncha ya chuma, inapita kwenye unyayo wa mfalme. Ibada inaendelea. Mwishoni Patrisi anaiona damu, anamuuliza kwa nini alinyamaza. Mfalme anajibu kwamba alidhani ndiyo taratibu ya ubatizo.

Kisa kimo katika maisha ya Patrisi yaliyoandikwa karne nyingi baada yake. Sikiamini, na nakipenda kuliko vyote. Kila katekista aliyewahi kubatiza watu wazima bila kuwafundisha vya kutosha atajua kwa nini.

*Sala ya "Kristo mbele yangu, Kristo nyuma yangu" tunaisali kigangoni kila Jumatatu. Aliitunga yeye?* — Mwanakwaya, Lodwar

Mapokeo yanasema aliiimba akikimbia waviziaji wa mfalme Lóegaire, na waviziaji hawakuona watu bali kundi la paa wakipita. Lugha yake ni Kiairishi cha kale, na wataalamu huiweka karibu karne ya 8, miaka mingi baada ya kifo chake. Endeleeni kuisali. Huko Turkana mmeipata kwa njia ya halali kabisa: Mapadre wa Kiltegan, ambao jina lao rasmi ni Shirika la Mtakatifu Patrisi, lililoanzishwa tarehe 17 Machi 1932. Askofu wa kwanza wa jimbo lenu, John Mahon, alikuwa mmoja wao.

*Nasoma Galway. Wenzangu wamenialika Jumapili ya mwisho ya Julai tupande mlima wa Patrisi, wengine peku. Nipande peku?* — Mwanafunzi, Galway

Usipande peku. Mlima huo, Croagh Patrick, una mita 764. Sisi wa huku tuliozoea Elgon tunaweza kuudharau, lakini sehemu ya juu ni mteremko mkali wa mawe yanayoteleza kila ukikanyaga. Tírechán, mwandishi mwingine wa karne ya 7, anasema Patrisi alifunga huko juu siku 40, akisumbuliwa na ndege. Maelfu hupanda siku hiyo, na wachache kati yao hukanyaga peku kwa toba. Wamezaliwa kwenye mawe hayo. Wewe nyayo zako za bweni zitakuangusha nusu ya njia, na wenzako watalazimika kukushusha.

Mnaanzia Murrisk, chini ya mlima upande wa bahari. Chukua fimbo, vaa buti zenye meno, beba koti la mvua hata kama asubuhi kuna jua. Kwenye lundo la mawe la Benén, mwanafunzi wa Patrisi, utaona watu wakizunguka mara 7 wakisali Baba Yetu 7, Salamu Maria 7 na Nasadiki moja. Ingia kwenye mzunguko, hawatakuuliza umetoka wapi. Kileleni kuna kanisa dogo lililojengwa 1905, na Misa husomwa kuanzia asubuhi. Shukeni kabla mawe hayajalowa, na magoti yako yakiuma wiki nzima, niandikie.